Wiki Tatu za Kurudisha Jicho

Wadogo zangu mnaojiandaa kuvaa koti jeupe na gambuti za ukaguzi wa nyama, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie jambo moja nililojifunza katika miaka kumi na mitatu ya kazi hiyo. Tangu nipate ombi lake sijatulia kwa furaha. Ningeweza kuwaandikia juu ya kunoa kisu, au juu ya ini lenye minyoo, na mambo hayo nitayagusia njiani. Hata hivyo nimechagua wiki tatu ambazo sikukagua hata figo moja, nikiwa nyumbani kwangu Kitengela, nimelala mchana kweupe. Ndizo wiki zilizonifundisha zaidi kuliko muhula wowote wa chuo, na sijawahi kuzisimulia kwa ukamilifu.

Wenzangu hunicheka nikisema nimestaafu, kwa kuwa sina mvi hata moja. Kilichostaafu ni kifundo cha mkono wangu wa kulia. Mwaka jana daktari wa binadamu aliniambia nichague kati ya kisu na mkono, nami nikachagua mkono kwa sababu nina binti wawili wa kusuka nywele. Lakini imani yangu haijastaafu. Bado naamini, bila kuona haya, kwamba ule muhuri mdogo wa wino tunaoupiga begani mwa ng'ombe ni ahadi. Tunampa ahadi hiyo mama tusiyemjua, atakayenunua nusu kilo jioni akawapikie wanawe bila kuuliza swali. Mama huyo hana kisu chetu wala elimu yetu. Ana muhuri tu.

Nilianza kazi katika machinjio ya binafsi nje kidogo ya Kitengela, nikiwa na cheti kipya na kisu kipya. Msimamizi wa wachunaji alikuwa mzee wa Kimaasai aliyeitwa Parsaloi, mtu mrefu, mwenye utani mkavu, aliyewahi kuchunga ng'ombe wa baba yake kabla ya kuanza kuchuna wa watu wengine. Asubuhi ya kwanza alinisalimia kwa Kimaasai, kwa adabu ya kumsalimia mwanamke.

"Takwenya, daktari."

"Iko," nikajibu, maana hilo nilikuwa nimejifunza.

Akakitazama kisu changu. "Hii umepewa na chuo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi chuo yenu inapenda ng'ombe sana. Hii haiwezi kumuumiza."

Alinishika kidole gumba, akaweka makali ya kisu changu juu ya ukucha, akayasukuma taratibu. Yakateleza. Kisha akaweka chake, nacho kikang'ang'ania ukucha kana kwamba kina meno. Hadi leo ndicho kipimo ninachowafundisha watu: kisu kinachoteleza kwenye ukucha kirudishwe kwenye jiwe. Kisu butu hupasua tezi badala ya kuikata, na tezi iliyopasuliwa haisomeki.

Wiki hiyohiyo nilikataa mapafu ya ng'ombe mzima wa afya kwa sababu nilikuta damu ndani. Nilikuwa nimeshaandika jina refu la ugonjwa. Parsaloi akaja akasimama nyuma yangu.

"Daktari, hiyo damu amevuta wakati anachinjwa."

"Una hakika?"

"Ukikatwa shingo, wewe hutavuta pumzi?"

Wachunaji walicheka mpaka mmoja akalazimika kukiweka kisu chini. Siku hizo ng'ombe walichunwa sakafuni na sisi tuliinama kutwa. Baadaye ilikuja reli ya juu yenye kulabu, na karatasi zetu zikageuka fomu za simu zenye picha. Nilishangilia kila badiliko, nanyi mshangilie yatakayowakuta. Ila hakuna badiliko lililopunguza idadi ya ng'ombe. Mji ulikua, nyumba zikaota kila upande hadi Nkoroi, na nyumba mpya huhitaji nyama. Katika mwaka wangu wa tisa wakaguzi wenzangu wawili walihamishwa, mmoja akapelekwa Namanga mpakani, na nafasi zao hazikujazwa. Nikabaki peke yangu kwenye reli, siku sita kwa wiki.

Sikujua kuwa ninaharibika. Nilidhani nimekuwa hodari. Niliamka bila kengele, nikakagua, nikarudi, nikapika, nikalala, nikaamka nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Nilianza kuwaita binti zangu kwa majina yaliyobadilishana. Watu walinisalimia, nami nikaitikia kabla hawajamaliza, kwa sauti ambayo mume wangu Kamau aliifananisha na ya mashine ya kutolea tiketi. Nilicheka, kisha nikasahau kwamba nimecheka. Kitu kilichonitisha baadaye, nilipokikumbuka, ni kwamba nyama haikuninukia tena, iwe nzuri au mbovu.

Parsaloi aliona kabla yangu. "Hiyo macho yako," aliniambia siku moja tukinawa, "imekaa kama ya ng'ombe ametoka Rombo na miguu."

"Niko sawa, mzee."

"Hata huyo ng'ombe anasemanga hivyo."

Asubuhi moja ya wiki hiyohiyo ndiyo niliyotaka mwijue. Mnajua kwamba kichwa cha ng'ombe na kiwiliwili chake hubeba namba moja, na kwamba tunakata misuli ya shavu kwa matabaka tukitafuta malengelenge ya tegu, yale yanayofanana na punje ya mchele uliolowa. Nilikata mashavu ya kichwa kimoja, kushoto na kulia, kama kitabu kinavyosema. Nikamaliza sehemu nyingine. Nikapiga muhuri. Nilikuwa ng'ombe wanne mbele niliposikia Parsaloi akiita kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia humo ndani.

"Gari isitoke. Nani ako na funguo? Isitoke."

Alikuwa amekishika kile kichwa kwa pembe. Akanijia, akaufungua mkato wangu mwenyewe kwa vidole viwili kama mtu anayefungua barua. Punje ilikuwepo, katikati kabisa ya njia ya kisu changu. Nilikuwa nimeikata nusu.

"Daktari," akasema, kwa sauti ya chini ili vijana wake wasisikie, "mkono yako ilifika hapa. Wewe ulikuwa wapi?"

Nyama ilikuwa imeshaingia kwenye gari, bega likiwa na wino wangu bado mbichi. Tuliishusha. Nilikata mabega na moyo, nikakuta nyingine, na nyingine, na ng'ombe mzima akaenda kwenye shimo la kukataliwa. Hakuna aliyekula. Lakini wadogo zangu, sikupata faraja katika hilo. Ahadi yangu ilikuwa imevunjika tayari. Ilizuiwa mlangoni na mtu ambaye haikuwa kazi yake kuizuia.

Mchana nilimpigia simu mkuu wangu, Bwana Mutiso, daktari wa mifugo aliyesimamia wakaguzi wa upande wetu akiwa na ofisi Kajiado. Nilimweleza yote. Ningeweza kunyamaza, maana Parsaloi asingesema. Bwana Mutiso aliuliza mara ya mwisho nilipochukua likizo ni lini. Sikukumbuka. Alikuja kesho yake akiwa na mkaguzi wa muda, akanyoosha mkono, nami nikamkabidhi muhuri.

"Wiki tatu," alisema. "Nyumbani. Ukirudi, utakagua mbele yangu asubuhi moja. Ukiona, muhuri ni wako. Usipoona, nitakutafutia meza ofisini na hutashika kisu tena. Si adhabu, mama. Ni watu wanakula."

Hakuwa amekosea hata neno moja, na ndiyo maana nililia njia nzima.

Kabla sijaondoka Parsaloi alinifuata langoni. Nilimwambia nimepewa wiki tatu za kupumzika na sijui zinafanywaje. Alishangaa kweli.

"Nyinyi mnasoma miaka mingi hamfundishwi kupumzika? Sisi iko na mahali yake. Mtu akiisha nguvu anaenda olpul."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo bila kulifuatilia. Akanieleza: wanaume hujitenga mbali na maboma, kando ya maji, wakiwa na ng'ombe wa kuchinja. Hula nyama, hunywa supu iliyochemshwa kwa mizizi na magome machungu, hulala, huamka, hula tena. Hukaa hadi mwili ukubali wenyewe kurudi.

"Na ukiwa huko," akasema, "hakuna mtu anakuuliza umefanya nini leo. Ugomvi inabaki nyumbani. Kulala ndiyo kazi."

"Na wanawake?"

"Ya kwetu wanawake hawaendi."

"Basi mimi nitaenda wapi, mzee?"

Akafikiri, kwa uzito mkubwa. "Wewe uko na nyumba Kitengela. Weka sheria kwa mlango."

Sikuweka sheria yoyote. Nilifanya kosa ambalo ni letu kabisa, watu wa Kitengela: nilichukua likizo ili nifanye kazi. Sisi tuliokuja hapa tukanunua ploti kwanza na nyumba baadaye, hatujui likizo isiyo na saruji. Siku ya kwanza niliamka alfajiri ileile, nikafua mapazia yote. Siku ya pili nikapanda mboga za sukuma. Siku ya tatu nikaita fundi wa kumwaga zege uani, na nikamsimamia kwa ukali kana kwamba uwanja ule ungeliwa na watu. Siku ya tano nilichambua mchele wa chakula cha jioni kwenye ungo, punje kwa punje, nikiwa nimekaa barazani kwenye mwanga mzuri.

Kamau ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu asiyelalamika. Alitafuna mara moja, akaacha. Akatoa kokoto, akaiweka kando ya sahani. Akatafuna tena, akatoa ya pili.

"Mama Wambui," akasema kwa upole, "leo umepika changarawe na wali kidogo."

Watoto wakacheka. Mimi nilizitazama zile kokoto mbili. Zilikuwa nyeusi. Zilikuwa kubwa kuliko lengelenge lolote nililowahi kulitafuta. Nilikuwa nimezipitisha vidoleni mwangu mchana kweupe bila haraka yoyote, nikiwa likizoni, nami nilikuwa na siku kumi na sita tu.

Ndipo nilipomweleza Kamau habari za muhuri na za olpul ya Parsaloi, kwa kuwa hadi hapo nilikuwa nimemwambia nina mapumziko ya kawaida. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja la kifundi: "Huyo mzee alisema sheria iko ngapi?"

Tulizitunga pale mezani. Wambui, binti yetu mkubwa, aliziandika kwenye kipande cha katoni kwa kalamu nzito, akakibandika mlangoni: HAPA NI OLPUL YA MAMA. HABARI ZA KAZI ZIBAKI NJE. UGOMVI UBAKI NJE. USIMUULIZE AMEFANYA NINI LEO. Chini yake mdogo wake akachora ng'ombe mwenye miguu mitano. Kamau alichukua asubuhi zote: uji, nywele, viatu, lango. Fundi wa zege aliambiwa aje mwezi ujao. Simu yangu ikakaa kabatini, ikitolewa mara moja kwa siku saa kumi jioni.

Siku mbili za kwanza za olpul zilikuwa mateso. Nililala kwenye godoro chini ya kivuli cha ukuta wa nyuma, na kila kiungo kilitaka kunyanyuka. Mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika. Niliona aibu mbele ya kuku. Siku ya tatu nililala usingizi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, nikaamka shavu likiwa na alama za mishono ya godoro, na sikujua ni siku gani. Ilikuwa siku nzuri mno.

Parsaloi alikuwa amemtumia Kamau mfuko wenye mifupa ya miguu na vipande vya gome la mti wa olkiloriti, pamoja na maagizo ya kuchemsha hadi maji yabadilike rangi. Supu ile ilikuwa chungu, nyekundu kama udongo. Wambui alionja akasema ni chai ya mti. Mimi nilikunywa vikombe viwili, na nikatamani kula, tamaa halisi ya tumboni, ambayo sikuwa nayo tangu sikumbuki lini.

Nyumba yangu mwenyewe niliiona kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeishi humo miaka saba nikiondoka gizani, sikuwa nimejua kwamba jua hufika jikoni saa nne na kulala juu ya sufuria kama paka. Sikujua kwamba muuza maji huzungumza na punda wake kwa Kikamba, na kwamba punda huonekana kukubaliana naye. Upepo wa nyanda huja saa nane kamili, hupiga mabati ya jirani, kisha hunyamaza. Nilikuwa nikiyapokea mambo haya kwa msisimko wa mtu aliyefika nchi ya kigeni, nami nikamsimulia Kamau kila jioni, hata akasema wageni wa hoteli hawasimulii hivyo.

Lakini mtaa una macho yake. Mwanamke mwenye kazi akionekana nyumbani saa sita mchana siku kadhaa, mtaa hutafuta maneno, na neno lililopatikana lilikuwa kwamba nimefutwa. Alhamisi moja niliona lango likifunguliwa, na wanawake sita wa kikundi chetu cha maombi wakaingia kwa mwendo wa msibani. Mbele alikuwa Mama Njeri, kiongozi wao, auzaye mboga sokoni, mwenye sauti inayopita magari. Walibeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Mimi nilikuwa godoroni, nimejifunga leso, mdomo ukiwa na rangi ya supu.

"Tumesikia," alisema Mama Njeri.

"Mmesikia nini?"

"Tumesikia tu."

Wakaketi. Mmoja alisoma katoni la mlangoni, midomo ikichezacheza, akamkonyeza mwenzake.

"Mungu hufungua mlango ingine," akaendelea Mama Njeri. "Hata bwanangu alifutwa Athi River na saa hii ako na ng'ombe tatu."

"Mama Njeri, sijafutwa. Niko likizo. Nimechoka."

Nadhani ningesema nina ugonjwa wowote wenye jina wangejua la kufanya.

"Umechoka," alirudia. "Umechoka aje?"

Nikawaambia. Niliwaambia juu ya punje niliyoikata nusu bila kuiona, na gari lililokuwa tayari kuondoka, na kwamba baadhi yao hununua nyama katika bucha lililokuwa likingoja gari hilo. Nilitazamia wakasirike. Mama Njeri alikuwa akiutazama unga mapajani mwake.

"Kumbe kuchoka kunapewanga likizo," akasema polepole. "Mimi nimechoka tangu nizae Njeri, na Njeri anaolewa Disemba."

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alivua viatu, akavipanga kando kwa uangalifu wa mtu anayeingia nyumba ya heshima, akasema, "Sogea, daktari," na akalala kando yangu na kitambaa chake cha kichwa kikiwa bado kimefungwa. Ndani ya dakika chache alikuwa akikoroma. Wale watano walitazamana. Kisha mmoja akaanza wimbo wa maombi kwa sauti ya chini sana, ya kubembelezea mtoto, na wengine wakaufuata. Mama Njeri alilala saa nzima na nusu. Alipoamka hakuomba msamaha. Aliuliza kama kuna supu.

Hakuna siku katika miaka yangu kumi na mitatu niliyohisi naitumikia afya ya umma zaidi ya siku ile, na sikuwa nimesimama.

Siku ya kumi na tano nilichambua maharagwe, si kwa kujipima, ila kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na ungo. Kidole kilisimama chenyewe. Kwenye harage moja la rangi ya kahawia palikuwa na tundu dogo kama ncha ya sindano, na ndani ya tundu kichwa cha dumuzi. Nilimwita Kamau kutoka karakana yake. Alikuja mbio na miwani ya kuchomelea kichwani, akidhani nimejikata. Nikamwonyesha harage. Alilichunguza kwa muda, akasema haoni kitu. Nilifurahi nusura nilie.

Jioni hiyohiyo, saa kumi, nilitoa simu kabatini nayo ikalia mkononi mwangu. Bwana Mutiso. Mkaguzi wa muda alikuwa ameugua ghafla, shule zilikuwa zikifungwa na nyama ikitakiwa kwa wingi, na zizi la kusubiria lilikuwa na ng'ombe thelathini wa kuchinjwa asubuhi.

"Njoo kesho," alisema. "Sahau ile mambo ya jaribio. Muhuri nitautuma kwa dereva sasa hivi. Umerudi kazini."

Nataka mwelewe alichokuwa akinipa. Alinipa kila kitu nilichokuwa nikikililia, bila mtihani, bila hatari ya kushindwa mbele ya Parsaloi na vijana wake. Meza ya Kajiado ingefutika kwa neno moja. Kamau alikuwa amesimama mlangoni, akijitahidi kutoonyesha chochote usoni. Nami nilijiuliza kwa uaminifu wote niliokuwa nao: je, jicho limerudi? Jibu lilikuwa kwamba limeanza kurudi. Nilikuwa nimeona dumuzi mmoja. Ng'ombe thelathini ni mashavu sitini, na niliweza kujisikia, katika lile la arobaini, nikianza tena kuondoka.

"Bwana mkuu," nikasema, "ulinipa wiki tatu na asubuhi moja mbele yako. Zimebaki siku sita. Nitakuja siku yangu ikifika."

"Mama, umenisikia? Ng'ombe thelathini wako zizini."

"Nimesikia. Wapewe maji."

Alikata simu. Niliirudisha kabatini, nikakaa kwenye ngazi. Mkaguzi mwingine alipatikana kutoka Isinya, akafika kesho yake adhuhuri. Wafanyabiashara walinung'unika, mabucha yalifungua kwa kuchelewa, na ng'ombe thelathini walicheua nusu siku zaidi. Nilikuwa nimeamini kwa miaka mingi kwamba nisipokwenda, kitu kikubwa kitaanguka.

Nilirudi siku ya ishirini na mbili. Bwana Mutiso alikuwa amekwisha fika, koti limefungwa vifungo vyote, uso hausemi kitu. Sikujua kama angenisamehe lile neno la maji. Nilinoa kisu, nikakipima kwenye ukucha, nikachovya cha pili kwenye maji ya moto. Damu ilininukia, na samadi, na mvuke wa ngozi, vyote kwa pamoja, na nilikaribia kucheka kwa furaha.

Kwa saa mbili alisimama bega kwa bega nami akifuata kila mkato. Nilipata ini lenye minyoo, nikalikataa. Nilipata pafu lenye mfuko wa maji wa ukubwa wa yai, nikaagiza lifukiwe mbali na mbwa. Kisha akaja fahali mkubwa, mnene, wa mfanyabiashara mmoja tuliyemjua wote kuwa na ng'ombe wa mashaka. Nilikata mashavu. Nikayafungua, nikatazama tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Nikashika ulimi kwa urefu wake. Nikafungua moyo. Nikakata bega.

"Hujapata kitu?" aliuliza Bwana Mutiso.

"Hakuna kitu."

"Angalia tena."

"Nimeangalia, bwana mkuu. Hakuna."

Parsaloi alijifanya anaosha kulabu iliyokuwa safi. Bwana Mutiso akachomoa kisu chake mwenyewe, akarudia mashavu yote mawili, moyo, bega, tezi moja baada ya nyingine. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilisimama mikono ikiwa imetulia, nami nilijua. Katika miezi yote ya uchovu, niliposema hakuna kitu sikujua kama kweli hakipo. Nilikuwa nikitumaini tu. Siku ile nilitazama mahali patupu nikajua kwamba ni patupu, na sijui kama kuna furaha iliyonifikia inayolingana nayo.

Akafuta kisu chake pande zote mbili. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akautoa muhuri, akauweka kiganjani mwangu bila hotuba. Nikauchovya kwenye wino, nikaubandika begani mwa yule fahali, nikaushikilia hadi ulipokolea, kisha nikamwambia Parsaloi alete mwingine.